Mtoni Hakuna Habari za Nyumbani

Muuza nyama mwenye ugonjwa wa kuvua samaki! Haya, cheka kwanza umalize, maana mji mzima ulishacheka na mwenyewe hakuwahi kununa. Wanawake wanaouza samaki sokoni walikuwa wakimwona anapita Jumapili asubuhi, fimbo ya kuvulia begani na ndoo mkononi, basi ni kelele: "Jamani eeh, nyama zimemkinaisha huyu!" Naye anawajibu bila kusimama, "Nakwenda kuusalimia mzigo wenu ukiwa hai." Jina lake la kuzaliwa lilijulikana kwa mkewe na kwa watu wa kodi. Wengine wote walimwita Steki.

Bucha lake lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, limebanwa kati ya duka la dawa na kibanda cha fundi viatu. Ndani ni vigae vyeupe mpaka usawa wa kichwa, kulabu za chuma kwenye bomba refu, mizani iliyofungwa waya pale ilipovunjika, na gogo la kukatia nyama lililolika katikati kwa miaka ya shoka mpaka likafanya bonde. Gogo hilo alilirithi kwa baba yake pamoja na kazi yenyewe. Kila jioni alilikwangua kwa kisu kipana, akalimwagia chumvi, halafu akafua aproni yake kwa mikono yake, kwa sababu mkewe alishasema kwamba damu ya ng'ombe haikuwamo kwenye ahadi za ndoa. Mteja akimwambia, "Nipimie isiyo na mfupa," yeye anajibu, "Na huyu ng'ombe naye alikuwa hana mifupa, alikuwa anatambaa." Nyama alipima sawasawa, maneno ndiyo alizidisha.

Sasa niambie, muuza nyama gani anafunga bucha Jumapili? Siku ambayo kila nyumba inataka nyama! Wenzake walimwona amerukwa na akili. Mkewe aligombana naye mwanzoni, baadaye akaacha, na sababu ya kuacha tutaifikia.

Mji wenyewe ni mdogo, umekaa pale mto unapokutana na bahari, na chini ya daraja la chuma kuna ukuta mrefu wa saruji uliojengwa ili kingo zisiliwe na maji. Ukuta huo ndio baraza la wavuaji wa Jumapili. Si wavuvi hao. Wavuvi wa kweli wana nyavu zao na mashua zao ng'ambo, na wakipita hapo huwatupia maneno. Hawa ni watu wenye kazi nyingine wiki nzima: mwalimu wa hesabu, dereva wa lori la mchanga, mama mmoja wa mapokezi hospitalini ambaye hasemi kitu na ndiye anayepata wengi kuliko wote. Wanakuja maji yanapoanza kujaa, maana samaki wa baharini hupanda mtoni pamoja na maji hayo. Anayefika haulizi habari za asubuhi. Anauliza, "Wanakula?" Na jibu, hata kama ndoo imejaa pomoni, ni lilelile: "Wanaonja tu."

Mwisho wa ukuta, karibu na nguzo ya daraja, ndipo walipokaa Steki na shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa kaka wa mkewe, fundi wa mashine za boti, na kwa kazi hiyo watu walimwita Plagi. Mwembamba, mcheshi, vidole vyeusi kwa grisi isiyotoka, mtu wa kuchelewa kila mahali isipokuwa mtoni. Aliishi ng'ambo ya daraja, chumba kimoja juu ya karakana yake, na hakuwa amekanyaga nyumba ya mama yake tangu siku alipozikwa baba yao.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba yao aliugua muda mrefu, na watoto walikuwa wakipokezana kukaa naye. Siku moja zamu ilikuwa ya Plagi. Mchana, mzee akiwa amelala vizuri tu, Plagi alitoka mara moja akaenda mtoni, kwa kuwa maji yalikuwa yanajaa na mtu alimwambia kolekole wamepanda. Aliporudi na samaki mkononi alimkuta baba ameshakata roho, peke yake, shuka limeanguka chini. Mama alilia, akazika, na msibani, mbele ya watu wote, akamwambia mwanawe, "Nenda hukohuko kwa samaki wako." Plagi akaenda. Hakugeuka nyuma.

Na Steki? Steki alikuwa hajui hata kushika ndoana. Wiki chache baada ya msiba alimfuata shemeji yake ukutani ili amrudishe nyumbani, na akaazima fimbo kwa jirani isionekane kwamba amekwenda kubembeleza. Chambo alichobeba kilikuwa maini! Maini ya ng'ombe, kayakata vipande safi vya mraba utadhani anampelekea mteja. Plagi alikuwa hajacheka tangu mazishi, lakini alipoyaona yale maini alicheka mpaka akaketi chini. "Shemeji, umekuja kuvua au kufungua tawi la bucha?" Halafu kicheko kilipokwisha akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Sikiliza. Kama umekuja kuvua, karibu. Kama umekuja na habari za nyumbani, geuka. Mtoni hakuna habari za nyumbani."

Steki akasema sawa. Akatupa maini yake majini, na hongwe mmoja asiye na akili akayameza. Basi, hapo ndipo alipopatikana. Kwanza alikuja kwa ajili ya shemeji, kisha akawa anakuja kwa ajili ya ule mshipi unavyoshtuka kidoleni, na ile raha ya kutojua ni nani yuko upande wa pili. Alijifunza kufunga fundo la ndoana, kuchagua chubwi, yaani ule uzito unaozamisha mshipi, na kuyasoma maji. Maini akaacha, akawa ananunua kamba wabichi.

Na sharti alilishika kwelikweli. Jumapili baada ya Jumapili waliketi pale bega kwa bega wakizungumza habari za mashine, za ng'ombe, za mpira, za mwalimu wa hesabu anavyotia chumvi ukubwa wa samaki wake, na mama hakutajwa hata siku moja. Wengine ukutani nao walilipenda sharti lile wakalifanya lao. Dereva akianza kumlalamikia mkewe, mtu anamkumbusha, "Ee bwana, mtoni!" naye anafyata mdomo.

Nyumbani kwa mama nako kulikuwa na sharti lake. Plagi asitajwe mbele ya mama, presha yake itapanda. Hilo lilikuwa la mke wa Steki, mwanamke jasiri kwa kila jambo ila kwa mama yake mzazi. Na mama alipouliza mkwewe huwa anakwenda wapi Jumapili asubuhi, binti alimjibu, "Yuko mnadani, anatafuta ng'ombe." Ndiyo maana aliacha kugombana juu ya bucha kufungwa. Mumewe alikuwa ndiye jicho lake pekee kwa kaka yake. Jioni alimuuliza neno moja, "Mzima?" na Steki akajibu, "Mzima," ikaishia hapo. Mji mdogo huo, kila mtu alijua kwamba Steki na Plagi wanavua pamoja, na kila mtu alidhani mama anajua. Lakini mama miguu yake ilikuwa haimfikishi mbali na kizingiti, na wageni waliokuja kumjulia hali walionywa mlangoni.

Mchana wa Jumapili Steki alioga kwa sabuni nyingi mpaka harufu ya chambo ikatoka, akavaa shati safi, akaenda na familia kula kwa mama mkwe. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anatambaa mambo haya yalipoanza. Sasa alikuwa anavunja vioo vya majirani kwa mpira.

Ungemuuliza Steki siku hizo angekuambia, tena kwa majivuno kidogo, kwamba katika ukoo mzima ni yeye peke yake ambaye hakumtupa Plagi. Na ni kweli hakumtupa, hilo tusimnyang'anye.

Halafu mama akaanguka bafuni. Mfupa haukuvunjika, lakini daktari alipousikiliza moyo aliwaita Steki na mkewe kando, akawaambia moyo umechoka, wasimwache peke yake, na kama kuna ndugu aliye mbali basi aambiwe. Jumamosi ya wiki hiyo Steki alikuwa analikwangua gogo lake mkewe alipoingia buchani, jambo ambalo si kawaida yake, akasimama katikati ya maji machafu na viatu vyake vizuri.

"Baba watoto, mama amemwita."

"Amemwita nani?"

"Asubuhi namfuta uso, akaniambia, 'Mwite kaka yako nimwone.' Hivyo hivyo, kama mtu anayeomba maji ya kunywa."

Steki akaacha kukwangua.

"Kesho umwambie," mkewe akasema.

"Kwa nini usiende wewe? Wewe ndiye dada yake."

"Mimi akiniona atafunga mlango. Siku ile nilikuwa nimesimama nyuma ya mama na sikufungua mdomo. Wewe anakusikiliza."

"Ananisikiliza kwa sababu simwambii kitu!"

"Basi safari hii mwambie kitu." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Baba watoto, mama akiondoka hajamwona, mimi sitaweza kukaa nyumba ile tena. Nakuambia ukweli."

Steki alilala kwa mang'amung'amu. Hofu yake ya kwanza alimweleza mkewe: kwamba Plagi atakataa, na mama atakufa macho yakiwa mlangoni. Hofu ya pili hakumweleza mtu. Aliogopa kwamba Plagi ataukunja mshipi wake, atachukua ndoo yake, ataondoka, na ukutani pale hatarudi tena. Steki angebaki na nyama na maneno ya nyama mpaka kufa kwake. Aliwaza pale kitandani kwamba hakuwa na rafiki mwingine, wateja tu na jamaa, na aliona aibu kwamba mama anaumwa na yeye anaiwazia Jumapili yake. Lakini ndivyo alivyowaza, na hatuwezi kumpamba.

Alfajiri alifika ukutani kabla ya wote. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuingia, yanasukuma majani na povu kurudi juu ya mto. Akamtia kamba mmoja kwenye ndoana, akatupa, akakaa akijipangia sentensi yake. Aliipanga vizuri sana. Plagi akaja akipiga mluzi, kopo la chambo kwapani.

"Wanakula?"

"Wanaonja tu."

Plagi akatupa wa kwake. Dereva wa lori akafika, mwalimu akafika na kofia yake, yule mama wa mapokezi akajikunyata mahali pake pa siku zote. Steki akasafisha koo.

"Shemeji."

"Naam."

"Hivi... ile mashine iliyokuwa inavuja mafuta, umeimaliza?"

"Nimeimaliza tangu Alhamisi. Vipi, unataka kununua boti?"

"Hapana, nauliza tu."

Steki akavuta mshipi wake, akautupa upya. Akajaribu tena, safari hii akajikuta anauliza habari za mpira, mchezo ambao wote wawili waliutazama. Plagi akamtupia jicho la pembeni. "Shemeji, umeamkaje leo? Unauliza maswali kama askari." Steki akacheka kicheko kikavu. Sentensi aliyoipanga ilikuwa bado haijatoka.

Ndipo fimbo ya Plagi ikapinda. Ikapinda mpaka ncha ikagusa maji, na rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, ikalia kwa nguvu hata mwalimu akasimama. "Mkubwa huyo!" mtu akapiga kelele. Plagi akaruka, akaweka miguu yote miwili kwenye ukingo wa ukuta, akauachia mshipi, akauvuta, akauachia. Steki akachukua wavu wa kuopolea wenye mpini mrefu, akasimama kushoto kwake, maana hiyo ndiyo kazi ya mwenzako samaki mkubwa anaposhika.

Na hapo, wavu mkononi, akili ikamjia. Mvuaji aliyeshikwa na samaki mkubwa haendi popote. Hawezi kuondoka, hawezi kuziba masikio, mikono yake yote ina kazi. Kama ni kusema, ni sasa. Steki akapiga moyo konde.

"Shemeji, mama amekuita."

Plagi hakugeuka. "Shika wavu vizuri."

"Mama anaumwa. Ameanguka bafuni, na moyo wake umechoka. Amesema uitwe akuone."

"Nimesema shika wavu!"

"Nimeshika! Umenisikia?"

Ukuta mzima ulikuwa umesikia. Dereva wa lori alifungua mdomo aseme lile neno lao, "Ee bwana, mtoni," lakini yule mama wa mapokezi alimtolea jicho moja tu, naye akaufunga. Samaki alikimbilia upande wa nguzo. Plagi aliinamisha fimbo kumzuia, mishipa ya shingo imemsimama, rili inalia.

"Amesema nani?" akauliza hatimaye, macho yakiwa majini. "Amesema yeye au amesema dada?"

"Yeye mwenyewe. Kwa mdomo wake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Amesema jana asubuhi. Leo nakuambia."

"Sisemi jana!" Plagi sasa akageuka, fimbo imemlegea mkononi, uso umemvimba. "Jumapili zote hizi! Nakuja hapa nakutazama usoni, najiambia leo shemeji ataniambia mama anakusalimu. Leo ataniambia mama amekuulizia. Husemi! Unanipa habari za ng'ombe! Nikajua basi, nyumbani nimeshafutwa, na huyu ananionea huruma tu."

"Si wewe mwenyewe uliyeniambia nisiseme?"

"Nilisema, ndiyo. Nilikuwa na hasira, shemeji. Baba hajamaliza hata mwezi kaburini! Neno la hasira ndilo la kulishika miaka yote hii?"

"Ningesema ungeondoka."

"Ningeondoka," Plagi akasema. "Na Jumapili iliyofuata ningerudi. Ningekwenda wapi?"

Siku zote Steki alijihesabu kuwa mtu mwaminifu, mtu wa kushika neno, na sasa alimtazama shemeji yake akilia hadharani mbele ya mwalimu wa hesabu na akajiona mpumbavu wa mwisho. Aliona uchungu kifuani kwelikweli. Wavu ulikuwa bado uko mkononi mwake, umeinuliwa, hauna wa kuopoa.

"Amekata mshipi huyo, kaenda zake," akasema yule mama wa mapokezi. Wengine walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake. "Vitu vyenu tutavitazama. Nendeni."

Wakaenda. Walipanda ngazi za daraja, wakapita mtaa wa mafundi bati ambao Jumapili uko kimya, wakapita soko, na wale wanawake wa samaki walipofungua midomo kutania waliona nyuso zao wakaishia kusalimu. Plagi alikuwa anatembea mbele, haraka. Walipofika kwenye bucha akasimama ghafla.

"Fungua ninawe mikono."

Steki akapandisha mlango wa chuma nusu, wakainama wakaingia. Ndani kulikuwa na harufu ya chumvi na sabuni. Plagi akafungua bomba, akachukua sabuni ya mche, akachukua na brashi ya kusugulia vigae, akaanza. Alisugua viganja, akasugua vidole, akaanza kucha moja moja. Povu likawa jeusi, akalimwaga, akaanza upya.

"Zimetakata, shemeji. Twende."

"Hazijatakata. Tazama hii."

"Hiyo grisi mama anaijua tangu ulipoanza kujifunza kazi. Aliifua kwenye mashati yako yote."

Plagi hakuacha kusugua. Ngozi ya vidole ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. "Akinifukuza tena?"

"Nitakuwa nyuma yako."

"Hata siku ile ulikuwa nyuma yangu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Siku ile ya msiba Steki alikuwepo, amebeba sinia la vikombe, na alichofanya ni kutazama vikombe. Alinyoosha mkono akafunga bomba, akampa shemeji yake taulo safi, ile anayofutia visu, na Plagi akajifuta kidole kimoja kimoja.

Nyumba ya mama ilikuwa ya ngazi tatu mbele na ua mdogo nyuma. Chumbani kwake kitanda cha mbao kilikuwa kimesogezwa dirishani apate hewa. Kulikuwa na kabati la vioo lenye vikombe visivyotumika, kopo la biskuti lililojaa dawa, na redio ndogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Mke wa Steki alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimnywesha supu kwa kijiko. Alipomwona kaka yake mlangoni, kijiko kikabaki hewani.

"Shikamoo, mama," Plagi akasema.

"Marahaba." Mama alimtazama kuanzia viatu vya mpira mpaka kichwani. Alikuwa amepungua, mashavu yameingia ndani, lakini macho yalikuwa ni yaleyale. "Umetoka wapi?"

Loo! Plagi angeweza kudanganya, angesema ametoka kazini, ametoka kwake, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mtoni, mama."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akigonga kopo, na kila pigo lilisikika mle ndani.

"Umepata?"

"Amekata mshipi."

"Alikuwa mkubwa?"

"Mkubwa sana, mama."

"Baba yako naye enzi zake za kuvua," mama akasema, "hakuna mdogo aliyewahi kumponyoka." Na akacheka, kicheko kidogo kilichogeuka kikohozi, kisha akapigapiga godoro kando yake. Plagi alipiga magoti pale chini akauzika uso wake kwenye shuka.

"Nilimwacha peke yake, mama."

"Ulimwacha. Na mimi nikakuacha wewe." Alimwekea mkono kichwani, akawa anazipapasa nywele ambazo zilikuwa zimeanza mvi bila yeye kuziona. "Nyamaza sasa. Nyamaza, baba."

Walikaa hivyo mpaka supu ikapoa. Mke wa Steki alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Steki, amesimama karibu na kabati la vioo, aliona raha ambayo hajaiona siku nyingi. Kumbe ilikuwa rahisi namna hii! Plagi akainua uso, akajifuta kwa mkono wa shati, na utani ukamrudia.

"Na kama huamini kwamba alikuwa mkubwa, muulize shemeji. Yeye ndiye alikuwa ameshika wavu."

Mama akageuza kichwa juu ya mto. "Nani alikuwa ameshika wavu?"

Mke wa Steki akatazama sakafu.

"Shemeji, mama," Plagi akasema, hajajua bado anasema nini. "Tunavua wote. Kila Jumapili, tangu siku zile."

"Huyu? Huyu si huwa anakwenda mnadani?"

Mama alimtazama bintiye, akamtazama mwanawe, halafu macho yakatua kwa Steki yakabaki hapo. Hayakuwa na hasira. Hasira Steki angeijua namna ya kuipokea.

"Ulikuwa unamwona?"

"Nilikuwa namwona, mama."

"Asubuhi unamwona. Halafu mchana unakuja unakula hapa."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka, mama. Anacheka sana."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Basi ungeniambia hilo tu, baba. Unavuta kiti unaniambia, 'Mama, nimemwona, anacheka.' Nisingekuuliza la pili."

Steki alifungua mdomo aeleze habari za sharti, na za presha, na nani alisema nini na lini. Maneno yote yalikuwapo, na alipoyapanga kichwani aliona hakuna hata moja la kusemwa katika chumba kile. Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila mteja!

"Nisamehe, mama," akasema.

Mama hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Aliushika mkono wa mwanawe kwa mikono yake miwili, akamgeukia.

"Haya, kaa vizuri unisimulie," akasema. "Anza Jumapili ya kwanza."

Plagi akaanza kusimulia. Na Steki, ambaye Jumapili zote hizo alikuwapo, alitoka nje kwa mlango wa uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia.